Risasi Zilizobaki Volos

Mwaka ule deni la euro lilipoikaba Ugiriki na mishahara ikakatwa, Evanthia Karydi alikuwa afisa forodha bandarini Volos. Siku moja alizuia makasha ya risasi yaliyokuwa yakienda nchi ambayo Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuiuzia silaha.

Mkuu wake, Stratis, alikuja mbio. "Wee mama, Ulaya imeshatukata mishahara. Sasa hata risasi zetu itupangie?"

"Haitupangii, bosi. Marufuku tuliikubali wenyewe, na walinzi wake ni sisi hapa. Ukiacha kulilinda lango hili, utajitawala wapi?"

Stratis alijikuna kichwa, akacheka, akawapigia kelele wapagazi waliokuwa melini. "Haya, yashusheni!"

Makasha yakarudi ghalani. Mchana walikula supu ya dengu pamoja, Stratis akimtania kwamba yeye ndiye serikali pekee iliyobaki, naye Evanthia, moyo mweupe, akiomba aongezewe mkate.