Globu ya Mwisho ya Yoakimu

Yoakimu Amnaay alishuka Babati kutoka Dareda akiwa na miaka ishirini, akitaka kufundishwa kuonyesha sinema. Mzee Cornel wa Bonga, mwenye projekta pekee mjini, alimpokea, akampa karai la maji na kipande cha sabuni.

"Nawa," alimwambia.

Kesho yake akamwambia vilevile. Miezi miwili mizima Yoakimu hakugusa kitu ila maji.

"Mzee, nitaanza kujifunza lini?" aliuliza siku moja, vidole vimekunjamana kama vya mfua nguo.

"Ulishaanza. Globu ya projekta haiguswi kwa kidole kitupu. Mafuta ya mkono yakibaki kwenye kioo, ikiwaka inaungua pale pale, inavimba, inakufa. Nawa kwanza, kisha shika kwa kitambaa safi. Na kitambaa kisichonuka sabuni usikiamini, hata kama umepewa na mama yako mzazi."

Mke wa mzee, Mama Hilaria, alimfundisha nusu ya pili ya kazi: kusimulia. Sinema zilikuwa za Kichina, na Babati nzima hapakuwa na mtu aliyejua Kichina.

"Watazame machoni hao wa kwenye sinema," alimwambia. "Kijana akiinama mbele ya mzee, hapo kuna Kichina gani? Ameamkia."

Basi kila kijana wa kwenye sinema alipoinama, Yoakimu aliita, "Shikamoo, mwalimu!" na ukumbi mzima ukaitikia, "Marahaba!" Watu walikuja kwa ajili ya marahaba hiyo.

Miaka ikapita. Macho ya Mzee Cornel yakaingia ukungu, mashine akamwachia Yoakimu. Kisha ikaja ile dhiki ya bidhaa kuadimika madukani, ambayo kila Mtanzania wa enzi hizo anaikumbuka. Kufikia mwaka 1984, sinema mpya zilikuwa zimekoma kuja. Ilibaki moja tu, ya kijana mgeni anayepanda mlimani kwa wazee wawili, mwanamume na mwanamke, ili afundishwe kupigana, nao wanamtesa kwa kumchotesha maji. Watu waliijua kama sala ya Baba Yetu, na bado walikuja.

Globu nazo ziliisha. Arusha hakuna, Dodoma hakuna. Dereva mmoja wa lori alizitafuta mpaka Dar es Salaam, akarudi mikono mitupu. Yoakimu alibakiwa na moja. Shamba lake la Dareda alikwishawaachia ndugu zake. Globu ile ikifa, hakuwa na kazi nyingine duniani. Kwa hiyo kila onyesho lilipokwisha aliichomoa, akaenda nayo nyumbani, akaifungia sandukuni.

Jumamosi moja, alipokuwa akijiandaa, alikuta kitambaa cha globu kinaning'inia kambani.

"Egidius alikifutia mikono yenye samli," mkewe, Ursula, alisema bila kumtazama. "Nimekifua, Baba Egidius. Mara tatu."

"Kwa sabuni gani?"

"Kwa majani ya mpapai. Kwani wewe umeona sabuni wapi?"

Hakuwa ameiona tangu Pasaka, na nguo zake zilikuwa viraka juu ya viraka. Kitambaa kingine kisicho na madoa hakikuwepo nyumbani.

Ukumbini, madirisha yalizibwa kwa magunia ili mchana uwe giza. Jenereta ilikuwa ikinguruma, na dizeli yake, ambayo aliibembeleza wiki tatu kwa dereva wa trekta, haikuzidi ya onyesho moja. Yoakimu alinawa kwa majivu. Akakiweka kitambaa puani. Kilinuka mpapai. Mkono ukasita.

"Yoakimu, vipi, unapiga chafya au unaonyesha sinema?" mtu alipiga kelele. "Stelingi amezeeka akikungoja!"

Ukumbi ukacheka. Dizeli ilikuwa ikiungua. Alikaza moyo, akaishika globu kwa kitambaa kile, akaipachika.

Ikawaka vizuri. Mgeni akapanda mlima, akainama.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba!"

Akabebeshwa ndoo, akaanguka, akachapwa. Yoakimu alisimulia huku jicho moja likiwa kwenye tundu la projekta. Ilipofika pale mgeni anaporudi mlangoni kwa wazee akiwa amepigwa na adui mpaka hawezi kusimama, aliona alama ya kijivu ya kidole, ya samli, juu ya kioo. Ikatuna kama lengelenge. Alinyoosha mkono kuzima. Pah! Kukawa giza.

Miluzi, miguu, matusi. Yoakimu alisimama, kitambaa mkononi. Ndipo sauti ya kizee ikatoka safu ya mbele.

"Shikamoo, mwalimu," Mama Hilaria aliita. "Nimepigwa. Nimerudi."

Mmoja akaitikia, kisha wote: "Marahaba."

Yoakimu akaendelea kusimulia gizani, ngumi kwa ngumi, mpaka adui akaanguka. Watu walitoka taratibu. Hakuna aliyemwambia tutaonana Jumamosi.

Walikwenda Bonga pamoja, yeye na Mama Hilaria. Mzee Cornel alikuwa kibarazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mapema? Ulinawa?"

"Nilinawa, mzee. Kwa majivu. Kitambaa kilifuliwa kwa majani ya mpapai. Nilikinusa, nikajua, nikaishika globu hivyo hivyo."

Mzee alinyoosha mkono. Yoakimu akamwekea globu ndani ya kitambaa, kama alivyofundishwa. Mzee akakivuta kitambaa, akakiweka pembeni, akaishika globu kwa vidole vitupu, akaigeuza na kulipapasa lile lengelenge kwa dole gumba, polepole, kila upande.

Yoakimu alikitazama kile kidole juu ya kioo. Katika miaka kumi na minne hakuwahi kukiona pale; globu hii haikuwa tena ya kulindwa. Akaketi chini, mlangoni, akalia.