Nyumba Aliyoichora Mkewe

Ofisini walimwita Rula, kwa kuwa hakuwahi kupiga mstari kwa mkono mtupu. Mkewe naye alikuwa mchora ramani, ila wa ofisi nyingine, na kwa miaka mingi kila mmoja alikula kwa kalamu yake bila kumkanyaga mwenzake. Taabu ilianza pale mama yake Rula aliposema amechoka nyumba za kupanga. Kiwanja cha marehemu mumewe kipo, na yeye anataka kuzeekea humo pamoja na wanawe na wajukuu.

"Nichoreeni, wote wawili," alisema. "Nitachagua mwenyewe."

Rula alichora ghorofa ya vioo chini hadi juu. Mkewe akachora nyumba ya chini, nyembamba, vyumba vimejipanga safu moja ili kila kimoja kipate madirisha pande mbili. Sakafu imeinuliwa, paa limetanda kupita kuta kama kuku aliyefunika vifaranga, na juu ya kila mlango kuna matundu ya kutolea joto.

Mama alizitazama ramani zote mbili huku akijipepea kwa bahasha. Chumba walichokaa hakikuwa na dirisha la maana, na nguo zake kabatini ziliota ukungu kila msimu wa mvua. Akaweka kidole kwenye ghorofa.

"Hii nzuri, mwanangu. Lakini mimi humo nitaiva." Kisha akaigeukia ya pili. "Mkwe wangu amenichorea upepo."

Neno hilo lilimkwama Rula kooni kama mwiba wa samaki, halimezeki wala halitemeki. Alicheka pamoja na wenzake, lakini chakula chake siku hiyo alikiacha nusu.

Ujenzi ulipoanza, mwiba ukazidi kuchoma. Kila mara fundi alimuuliza dirisha likae usawa gani, Rula akajibu, kisha fundi akatoa simu mfukoni. "Ngoja nimuulize shemeji, nisije nikaharibu." Watoto nao shuleni walitamba kwamba nyumba yao imechorwa na mama. Hakuna aliyeuliza baba anachora nini.

Mkewe akasafiri kwenda kumuuguza dada yake aliyejifungua kwa upasuaji. Huko nyuma fundi alikuwa anapandisha mbao za paa. Rula akafika, akasimama barabarani, akaikunjia nyumba uso.

"Huu upenu wa mbele umezidi. Sura ya nyumba haionekani. Kata."

"Shemeji anajua?"

"Nimesema kata."

Fundi akakata. Jioni ile Rula alilala usingizi mzuri ambao hakuupata tangu ramani zichaguliwe.

Bati lilikuwa limeshapigiliwa, mvua ya upepo ilipokuja. Ilichapa ukuta wa mbele, ikaingia chumba cha mama, plasta mbichi ikaporomoka. Mkewe aliporejea alikwenda kiwanjani moja kwa moja pamoja na Rula na mama, akainua macho kwenye zile ncha za mbao zilizokatwa. Fundi akawa anatafuta kitu chini ambacho hakikuwepo.

"Nani kafanya hivi?" mama akauliza.

"Tulikuwa tunajaribu, mama," mke akajibu. "Tutaurudisha."

Rula alitamani mkewe amtukane. Njiani kurudi akashindwa kuvumilia.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Mama akikudharau, mimi napata nini?"

"Ungeshinda."

Mkewe akasimama. "Kumbe tulikuwa tunashindana?"

Rula aliuonea kijicho hata ule utulivu wake. Kesho yake alipanda juu na fundi, wakaunga mbao moja moja, na mikono ikamtoka malengelenge.

Walihamia nyumba ikinukia rangi. Siku moja ya joto la kunata, mkuu wa ofisi ya Rula alikuja kuwapongeza. Akakaa sebuleni, akatafuta feni kwa macho, akaona imezimwa. Mapazia yalikuwa yanacheza.

"Rula, hii umechora wewe?"

Mama alimtazama mwanawe. Mke akajifanya anapanga vikombe. Rula angeweza kusema "tumechora", na pengine hakuna ambaye angembishia.

"Mke wangu," akasema. "Mimi niliiharibu kidogo, akaitengeneza."

Mkuu akageuza kiti chote upande wa mke, na hakumgeukia tena Rula mpaka alipoaga. Alikuwa na nyumba nyingi za familia za kujengwa, akataka mtu wa aina hiyo. Rula akaenda jikoni kuchukua maji, akasimama huko na jagi mkononi, akiwasikiliza wakicheka. Moyo ulimuuma vilevile. Akajaza jagi, akarudi, akawamiminia wote.

Siku hizi mume na mke wanafanya kazi ofisi moja, meza zinatazamana. Wanapatana vizuri. Ila asubuhi nyingine Rula huwahi kufika kabla ya wengine, akainama juu ya meza ya mkewe kuona jana alichora nini.