Jina la Zamani la Mashine ya Damu

Fundi kompyuta wa hospitali haketi akifanya kazi, na ukimharakisha ndiyo kwanza anapunguza mwendo. Kidole chake cha shahada hufuata kila waya mpaka mwisho, kama mtu anayehesabu chenji ya muuzaji asiyemwamini. Asubuhi moja mfumo wa kompyuta ulisasishwa, ukaipa mashine ya kupima damu jina jipya. Programu ya maabara ikawa inaita jina la zamani, haiitikiwi. Na mama mmoja alikuwa tayari kwenye meza ya upasuaji, damu yake haijapimwa.

“Dada, si uandike tu jina jipya kwenye programu?” msimamizi wa maabara alimsihi, jasho likimtoka. “Likibadilika tena kesho, kaka, utaniita tena?” Akalifunga jina la zamani kwenye namba ya mashine yenyewe, ambayo haibadiliki. Programu ikaitikiwa. Msimamizi hajashusha pumzi, fundi akauchomoa waya wa mashine. “We! Una wazimu?” “Nalijaribu jina. Bora inigomee mimi nikiwa hapa kuliko nikishaondoka.” Akauchomeka kwenye tundu jingine, akarudisha mikono nyuma. Kioo cha kompyuta kimya. Kisha mashine ikanguruma, karatasi ya majibu ya yule mama ikaanza kutoka. Muuguzi aliyekuwa akisubiri mlangoni hakungoja iishe, aliichana akakimbia nayo chumba cha upasuaji.