Meza Iliyovuka Kwenda Ng'ambo

Mhandisi alipanda ghorofani kwetu, akagonga sakafu kwa kisigino, akashuka chini kulitazama dari kwa tochi, kisha akaniambia bila kupepesa macho: "Boriti za katikati zimeliwa na mchwa. Watu wanane juu, asizidi hata mmoja, mpaka zibadilishwe."

Sisi tulikuwa kumi na sita.

Ofisi yetu iko Mji Mkongwe, katika nyumba ya mawe na chokaa yenye ngazi za kusimama wima. Tunazifanyia kazi nyumba ndogo za wageni za Paje, Jambiani na Nungwi. Tunawapangia watu vyumba, tunawabadilishia tarehe, na mambo yakienda kombo tunawaomba radhi. Mimi ndiye meneja. Niliingia pale nikiwa msichana wa kupokea simu, kwa hiyo kila msumari wa ofisi ile naujua.

Nilikaa na karatasi siku mbili. Niliwagawa watu makundi mawili: hawa wakiwa ofisini, wale wako nyumbani na laptopu zao, kesho yake wanabadilishana. Ratiba niliipaka rangi, kijani siku za ofisini, manjano siku za nyumbani, nikaibandika ukutani. Nakiri nilirudi mara kadhaa kuitazama. Nilijiona hodari.

Na wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Aliyenitia mashaka alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye niliyekuwa simtazamii.

Alikuwa mzee wetu, aliyebakisha miaka michache kustaafu, na kazi yake ilikuwa kujibu malalamiko. Mgeni akiandika kwa hasira kwamba jogoo wa jirani amemwamsha alfajiri, sisi tungecheka. Yeye alimwandikia barua ambayo mgeni akimaliza kuisoma huona haya kwa kumsema vibaya jogoo. Mimi mwenyewe alinifundisha kuandika. Alikuwa akinirudishia barua zangu na mstari mwekundu chini ya kila neno la kujitetea. Mbele ya watu aliniita Bi Meneja, tukiwa wawili aliniita mwanangu, na mimi sikupata kuianza siku bila kumpa shikamoo yake.

Kiongozi wa kundi lake, dada mmoja mwepesi wa kusema, alikuja mezani kwangu.

"Bi Meneja, mzee siku za nyumbani hapatikani. Anajibu barua tatu asubuhi, kisha kimya mpaka alasiri. Angekuwa mmoja wetu, ungeshamwita."

Alisema kweli. Nilimwambia nitalishughulikia, kisha nikaliacha wiki nzima. Sikujua namna ya kumwonya mtu aliyenifundisha kazi.

Siku moja ya Jumanne nilikwenda kufuata saini katika ofisi moja Vuga, na nikakata njia kupitia Bustani ya Jamhuri. Nikamwona. Amekaa kwenye benchi, kofia kichwani, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, laptopu mapajani. Skrini ilikuwa nyeusi. Ilikuwa siku yake ya manjano.

"Shikamoo, mzee."

Aliruka kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa. "Marahaba, mwanangu. Chaji imen'ishia. Nlikuwa nakwenda dukani kwa mpwa wangu Darajani, ana umeme."

Nilikaa pembeni yake. Akaifunga laptopu polepole, akaanza kusema mwenyewe.

"Siku ya mwanzo nilikaa nyumbani, kama ulivyoandika. Saa tatu jirani akanikuta barazani, akanipa pole. Alidhani nshafukuzwa kazi. Siku ya pili mke wangu akaniambia, madhali upo, nenda sokoni Mwanakwerekwe ukalete samaki. Siku ya tatu nikapewa mjukuu nimshike. Ya nne wakaja watu wawili wanaogombania tangi la maji, niwaamue. Miaka yote hii mimi hutoka saa moja na nusu asubuhi. Mwanamme akionekana nyumbani saa nne, mtaani kwetu ni mgonjwa au hana kazi. Basi nikaona bora nitoke kama kawaida."

"Na mama nyumbani anajua?"

"Anajua nnakwenda ofisini."

Hapo niliona haya, na haya yenyewe hayakuwa kwa ajili yake. Ratiba yangu ilijua idadi ya viti na uzito wa sakafu. Haikujua lolote kuhusu nyumba ya mtu. Nilikuwa nimeandika neno "nyumbani" kana kwamba ni mahali pamoja kwa watu wote.

Nilimwambia nitampa kiti cha kudumu ofisini. Akatikisa kichwa.

"Ili nani atolewe? Hapana. Watasema mzee anabebwa, na mimi sijabebwa tangu nizaliwe nikajua kutembea."

"Basi niruhusu nije nyumbani kwako."

Aliiweka sawa kofia yake. Mwisho akasema, "Njoo mchana kweupe. Watu wakuone."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa akili. Alhamisi asubuhi niliita hamali na mkokoteni wake, tukaishusha meza ya mzee, meza yenyewe ya mbao nzito aliyoitumia miaka yote, pamoja na kiti chake. Tulivuka barabara ya Darajani, tukaingia Ng'ambo, mitaa ya kwao mzee, hamali mbele akipiga kelele za kuomba njia, mimi na yule dada kiongozi nyuma tumeshika miguu ya meza isiyumbe. Watu walitoka milangoni. Mama mmoja mwenye beseni la maandazi akauliza kama ni harusi.

"Ni ofisi," nikamjibu kwa sauti ya kusikika. "Mzee wetu ana kazi nyingi, tumeona tumletee meza."

Mkewe alikuwa kizingitini, leso begani, amekunja uso, na mzee mwenyewe nyuma yake. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote: boriti, mchwa, makundi mawili, siku za nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mumewe.

"Kumbe ilikuwa kazi?"

"Ilikuwa kazi."

"Na mimi nikakutuma samaki! Ungefungua mdomo ukasema ni kazi, nani angekutuma? Miaka thelathini na tano nakupigia pasi mashati ya kazi, leo unanificha kazi yenyewe?"

Mzee aliinamisha kichwa. Nilidhani nimeharibu nyumba ya watu. Lakini yule mama alikuwa ameshaingia ndani, anahamisha kabati. Alichagua pembe ya sebule iliyo karibu na dirisha, akatundika pazia, akatupangia masharti sisi sote: mpaka adhuhuri hapigi hodi mtu, mjukuu atakaa kwa shangazi yake, na wenye ugomvi wa tangi waje baada ya alasiri.

Tangu wiki ile barua za mzee zilifika kwa mfululizo. Baada ya muda vijana wawili wa kundi lake wanaokaa mitaa ya karibu, ambao kwao hakuna hata pembe ya kuweka kiti, waliomba kwenda kukaa naye siku zao za nyumbani. Mama aliwakubali kwa sharti la kuvua viatu. Mzee akaanza kuwatilia mistari myekundu kwenye barua zao, na yule dada kiongozi alikuja kuniambia, bila ya mimi kumwuliza, kwamba alikosea kumsema.

"Hukukosea," nikamwambia. "Uliniambia ulichokiona. Mimi ndiye niliyechelewa kwenda kutazama."

Nilikwenda kwa wote waliobaki. Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege, nilimkuta mmoja anafanya kazi kitandani, ndege zikipita juu ya paa. Tulimbadilishia zamu asipokee simu za asubuhi. Ratiba yangu ya rangi niliibandua ukutani, nikaandika nyingine kwa penseli, iliyojaa kufutwafutwa.

Wakati huo mwenye kampuni, anayekaa Dar es Salaam, aliniletea habari ya programu ya kuwachungulia watu kama wanabonyeza kompyuta zao au la. Nikamwambia sihitaji. Akaniuliza nitajuaje kama wanafanya kazi.

"Nshaingia nyumba zao zote," nikasema. "Na barua zao nazisoma."

Akaniambia niendelee.

Boriti mpya zilipokwisha kuwekwa, mhandisi akaturuhusu kurudi sote. Niliwakusanya ghorofani, kumi na sita kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nikawauliza wanatakaje. Walizungumza, wakabishana, wakacheka. Mzee alisimama mwisho.

"Mimi nitakuja siku tatu," alisema. "Mbili niachieni Ng'ambo. Kule nna vijana nawafundisha."

Nilizungusha macho chumbani. Nimepata kusifiwa mara kadhaa katika kazi hii, na karatasi za sifa ninazo. Hakuna iliyonijaza kifua kama asubuhi ile, nikiwatazama watu wangu wakigombania penseli, kila mmoja akitaka kujiandikia siku zake mwenyewe.