Vyumba vya Meli Kutoka Chang'ombe

Lydia Ndahani alifikisha miaka thelathini na tisa kabla hajakanyaga meli, na siku aliyoikanyaga alikuwa tayari ameitengenezea vyumba vitatu.

Alizaliwa Kongwa katika familia ya wafugaji. Kuchomelea vyuma alijifunza Chang'ombe, mtaa wa Dodoma mjini, kwa fundi aliyempokea shingo upande kwa sababu ni mwanamke. Serikali ilipohamia Dodoma watu walimiminika, na kila mmoja alitaka haraka mahali pa kufanyia shughuli zake. Lydia akawa anachukua makontena chakavu, anayakata madirisha na kuyageuza kuwa saluni, maduka ya dawa, ofisi za mawakili. Kazi yake ilikuwa safi. Milango yake haikukwama hata wakati wa mvua.

Ndipo akaja Elisante, mhandisi wa shirika moja la afya. Shirika hilo lilikuwa limepata meli ya zamani huko Kigoma, iliyobeba saruji kwa miaka mingi, na lilitaka kuwafikia watu wa vijiji vya Ziwa Tanganyika visivyo na barabara. Elisante alieleza kwamba hawakutaka kuijenga upya kuwa hospitali, maana mahitaji hubadilika. Walitaka vyumba vya ukubwa mmoja, vyenye kufuli za aina moja kwenye pembe, vya kupangwa juu ya sitaha na kuondolewa kama kreti za soda. Safari hii zahanati, safari ijayo darasa, nyingine chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki.

Lydia aliuliza kama hiyo sitaha iko sawa. Elisante akamwonyesha mchoro, na kwenye mchoro sitaha ilikuwa mstari ulionyooka.

Alifanya kazi miezi minne pamoja na Evelina, fundi umeme wake. Vyumba vitatu vikapakiwa kwenye treni ya mizigo, naye akafuata kwa basi. Baba yake, mzee Bartolomayo, alimpigia simu njiani kuuliza kama ni kweli anakwenda kulala juu ya maji. Lydia alipomwambia kwamba ni kweli, mzee akamwombea, kisha akaendelea na habari za ng'ombe.

Bandarini alipokewa na nahodha Hamza, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye ilibidi amshike Lydia mkono kwenye ngazi. Kreni ikashusha zahanati katikati ya sitaha. Ikakaa vizuri. Darasa likashushwa kushoto na chumba cha baridi kulia, na hapo kila mtu akaona: vyote viwili vimeinamia nje, kama watu waliogombana. Mlango wa chumba cha baridi ukafunguka wenyewe. Kufuli za pembe hazikuingia.

Hamza alieleza kwamba sitaha ya meli huinuliwa kidogo katikati ili maji yateremke pembeni. Kila baharia analijua hilo. Elisante, ambaye maisha yake yote alijenga majengo ya nchi kavu, akawaomba radhi wote. Kisha akapendekeza vyumba vya pembeni vikatwe miguu upande mmoja vikae wima. Mafundi wa bandari waliona ni sawa, na mmoja akawasha grenda ya kukatia chuma. Lydia akasimama mbele ya darasa lake.

“Ukikikata hiki kikae kushoto, kulia hakitakaa tena,” alisema. “Mtakuwa na vyumba vitatu vya mahali patatu. Siyo kazi mliyoniagiza.”

“Sasa tufanyeje, fundi?” Elisante aliuliza.

“Vyumba tusiviguse. Turekebishe sitaha.”

Alitaka vichomelewe vikalio kumi na viwili vya chuma juu ya sitaha, vingine virefu na vingine vifupi, ili juu vyote viwe usawa mmoja. Hapo chumba chochote kingekaa popote. Shida ikawa kupima. Kila alipoweka pimamaji, kiputo cha hewa kilikimbia huku na huku, kwa sababu meli yenyewe haikutulia. Mafundi wakacheka, na yeye akacheka.

Akakumbuka sakafu ya karakana yake, ya udongo na mashimo, ambayo hakuwahi kuiamini. Huko huvuta nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe. Zikigusana tu pale zinapokatana, pembe zote nne ziko usawa mmoja, hata kama dunia nzima imeinama. Akafanya hivyo hivyo melini, akianzia katikati na kwenda pembeni. Ilimchukua siku tatu. Alitapika mara mbili, Hamza akawa anamletea chai ya tangawizi, na siku ya tatu akashangaa kujikuta ana njaa.

Siku ya nne nahodha aliagiza darasa lipelekwe kulia na chumba cha baridi kiletwe kushoto. Kreni ikashusha taratibu. Kufuli nne zikaitika moja baada ya nyingine. Walivibadilisha vyumba mara sita, na mara zote sita vilikaa. Lydia aliketi juu ya rundo la kamba, akajifunika uso kwa khanga, na Elisante hakujua kama analia au anacheka. Lydia mwenyewe anasema alifanya vyote viwili.

Alikwenda na safari ya kwanza. Katika kijiji kimoja bibi aliyetoka kung'olewa jino alimuuliza, shavu likiwa limevimba, hospitali hii imetengenezwa wapi. Aliposikia ni Dodoma, alitaka kujua ziwa la huko lina ukubwa gani.

Huu ni mwaka wa pili, na meli imekwisha kuwa zahanati, shule na ghala la samaki. Sasa vijiji vimeomba ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo Lydia anatengeneza chumba cha nne. Kiko uani kwake kinasubiri rangi, na kuku wa jirani ametaga chini yake.