Sakafu Iliyoanziwa Mlangoni

Harufu ya samadi mbichi iliyochanganywa na majivu huwafukuza wengi. Mimi hunisimamisha njiani. Juzi nilipita kijiji cha Kagerankanda, mama mmoja alikuwa akisiriba sakafu yake mlango ukiwa wazi, nami nikasimama barabarani kama niliyeitwa kwa jina. Msinicheke, wasomaji wangu. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya siku ambayo uchumba wa dada yangu Jenoveva ulikaribia kuvunjika, au ndivyo mama yetu alivyoamini.

Ilikuwa miaka ya tisini, kiangazi. Tulikaa pembeni mwa mji wa Kasulu, katika nyumba ya matofali mabichi yenye sebule na vyumba viwili, sakafu zote za udongo. Mama alikuwa msafi, na uvivu siutetei hata leo. Lakini usafi wake ulikuwa na homa ndani yake. Mgeni akitajwa tu, alitoa kila kitu nje kwa mkupuo, vitanda, masufuria, mikeka, redio ya baba, kisha akasafisha vyumba vyote kwa wakati mmoja, akikimbia toka kimoja hadi kingine na kutugombeza hata kwa vumbi lililokuwa bado angani. Jioni nyumba iling'aa, na sisi sote tulikuwa tumenuniana.

Bibi, mama yake baba, aliyeishi nasi, alikuwa na mtindo wake. "Mama Jeni," alikuwa akimwambia, "chumba kimoja kinatosha kwa asubuhi moja. Anzia ukuta wa ndani, rudi nyuma taratibu, ukifika mlangoni pumzika. Kingine kitakungoja, hakina miguu."

"Sawa, Mama," mama alijibu kwa heshima zote, kisha akaendelea kukimbia.

Siku yenyewe, wakwe watarajiwa walikuwa wanatoka Kibondo kuja kukamilisha maneno ya ndoa. Tuliwatazamia alasiri. Mama yake bwana harusi, Mama Stefano, alisifika kwa nyumba isiyo na doa, na mama hakuwa amelala vizuri tangu habari ilipokuja. "Akiona sakafu yetu imepasuka atasema binti yangu hakufundwa," alirudia. "Atamgeuza mwanawe njiani." Jua lilipochomoza, mali yetu yote ilikuwa uani na kuku walikuwa wamekwisha kupanda kitandani.

Baba, mtu mkimya, seremala, alimwona mkewe akifuta machozi kwa kiwiko kwa kuwa viganja vilijaa samadi. Alikunja suruali, akachukua ndoo, akaingia kuisiriba sebule mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawakulifanya mchana kweupe. Alisiriba vizuri ajabu, kwa mivuto mirefu kama anayepiga randa ubao. Ila alianzia mlangoni. Bibi aliketi juu ya kinu, akamtazama, akanyamaza.

Baba alipofika kona ya mwisho, chini ya dirisha dogo lisilopitisha mabega, nyuma yake ulikuwa ukuta na mbele yake sakafu mbichi hadi mlangoni. Wakati huo huo tukasikia makofi mepesi ya salamu nje. Wageni walikuwa wamepata lori la alfajiri.

Mama Stefano, mwanamke mrefu mwenye kitenge kilichopigwa pasi, alisimama uani akatazama vitanda, kuku na redio. Kisha akaona kichwa cha baba dirishani.

"Karibuni, karibuni sana," baba alisema. "Jisikieni mko nyumbani."

"Asante, baba. Tumekuta kaya inahama?"

"Hapana, mama. Tunasafisha."

"Na wewe humo umefungwa kwa kosa gani?"

Bibi akajibu kutoka kinuni: "Kosa la kuanzia mlangoni."

"Mama, uliniona!" baba alilalamika.

"Nilikuona, mwanangu. Nilitaka nijue utatokea wapi."

Mama Stefano alianza kucheka polepole, mabegani kwanza, kisha akashika nguzo ya kitanda. Mume wake alicheka, Jenoveva akacheka nyuma ya jiko, kuku wakatawanyika. Mama peke yake alisimama na mikono yake michafu, midomo ikimtetemeka. Mgeni akamwona. Alivua kitenge cha juu, akakitundika juu ya kamba, akasema, "Mama Jeni, bado chumba kipi? Nipe kopo la maji. Tuanzie ndani."

Wakaingia wawili chumba cha nyuma, chenye mlango wake wa uani. Nikiwa mlangoni na majivu niliyotumwa kuleta, nilimsikia mgeni akisema, "Hata mimi mgeni akitajwa silali." Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia mama akiwa katika usafi: alicheka.

Maneno ya ndoa yalimalizwa uani, wageni wakiwa wameketi juu ya vitanda vyetu na baba akijibu kutoka dirishani, samadi hadi viwikoni. Baba wa bibi harusi katika hali hiyo hawezi kujifanya mgumu. Chakula alipitishiwa dirishani. Sakafu ilipokauka, akatoka kwa mlango kwa hatua za askofu, nasi tukampigia makofi.

Miaka mingi baadaye ndipo Bibi aliponieleza kwamba mama, aliyezaliwa na wakimbizi kutoka Burundi, alipoolewa pale wanawake wa jirani walikuja makusudi kutazama sakafu yake, wakasema watu waliokuja na mizigo kichwani hawajui kutunza nyumba. Tangu hapo kila mgeni kwake alikuwa mkaguzi. Nikiwa mtoto nisingeweza kuliona hilo. Nililiona vumbi tu.

Baada ya siku ile mama alisafisha chumba kimoja kila asubuhi, na mgeni akimkuta katikati ya kazi, alimpa kigoda uani akaendelea. Leo wengi wetu tuna vigae na sabuni zenye manukato, na bado tunaogopa hodi. Hiyo ni aibu yetu, si ya sakafu. Mimi hupiga deki kwa mtindo wa Bibi, na nimeelewa kwa nini aliusisitiza: anayeanzia ukuta wa ndani humalizia mlangoni, na mgeni akifika humkuta palepale pa kumpokelea.