Ng'ombe wa Mama Lita na Jina la Pili

Kwetu ni mahali ambapo mji ulikuja ukachokea njiani. Upande huu nyumba ya ghorofa mbili yenye vioo vya buluu, upande ule shamba la mahindi, na katikati mbuzi kasimama kama mpima ardhi aliyepoteza karatasi zake. Asubuhi wanaofanya kazi mjini hushuka na ndara mpaka kwenye lami, wakaziacha kwa muuza vocha, wakavaa viatu vinavyong'aa na kupanda gari kana kwamba tope wanalisikia redioni tu. Jioni kila mtu hupekua lile lundo akisaka ndara zake, na lugha inayotumika hapo siwezi kuiandika.

Wote hao, wenye vioo na wenye mabanda, walikunywa maziwa ya shangazi yangu, na ndio waliompa jina la Mama Lita. Alikuwa na ng'ombe mmoja, mweusi mwenye baka jeupe shingoni, jina lake Bibie. Kwa miaka tisa hakuna mkono mwingine uliomkamua. Mume wa shangazi, fundi baiskeli, alijaribu mara moja tu, siku mkewe alipolala na homa. Alirudi na alama ya kwato pajani, na tangu hapo akipita bandani anamsalimia ng'ombe yule kwa adabu zote.

Shangazi hakuchoka kuisimulia hadithi hiyo. "Bibie ana mtu mmoja tu," alikuwa akisema huku akijipiga kifua. "Mnisamehe, mapenzi hayagawanywi."

Kisha binti yake akajifungua huko mjini, na shangazi akalazimika kwenda kumuuguza kwa wiki mbili. Nani atamkamua Bibie? Sote tulimtazama mzee wa mtaa wa chini, mwenye ng'ombe wanne na vidole kama mizizi. Shangazi akampita kama hamwoni, akaenda kwa Karani.

Karani alikuwa mama mstaafu wa benki aliyehamia nyuma ya ua wa shangazi miezi minane iliyopita, peke yake, na kucha nyekundu na viatu vya kutembelea bustanini. Mara ya kwanza kuuziwa maziwa yenye malai juu aliyarudisha akidhani yameharibika.

"Dada, mimi sijawahi kushika hata titi la mbuzi."

"Utaweza tu," shangazi akamjibu. Akamfundisha dakika kumi, akapanda gari. Mtaa mzima ukabaki kushangaa.

Wiki mbili zilipoisha shangazi alirudi, Jumapili jioni. Hata begi hakulitua, alinyoosha moja kwa moja hadi bandani. Bibie akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Shangazi akaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akaketi kwenye kigoda, akavuta. Matone mawili. Akavuta tena. Bibie akainua mguu na kuisukuma ndoo pembeni, polepole, kama mtu anayesogeza kiti apite.

"Amenuna kwa kuwa nilimwacha," shangazi akasema, na jasho linamtoka.

Karani alisikia ndoo ikigonga sakafu, akaja mbio akifunga aproni. "Karibu nyumbani, dada! Hebu ngoja nimbembeleze. Mpenzi! Mpenzi wangu, leo una nini?"

Masikio yote mawili ya ng'ombe yakageuka. Karani akaketi, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa mnyama, akanong'ona maneno, na maziwa yakaanza kulia kwenye ndoo, chwaa, chwaa, mpaka lita sita.

"Umemwitaje?" shangazi akauliza.

"Mpenzi. Jina lake lilinitoka siku ile ile ulipoondoka. Nikaona aibu kukupigia simu kuuliza."

Shangazi hakula usiku ule. Alisema ameshiba safari.

Ikawa hivyo kila siku. Anajaribu, ng'ombe anabana, Karani anaitwa. Daktari wa mifugo alisema bila kuzunguka kwamba maziwa yakiendelea kubaki kiweleni ng'ombe ataugua au atakauka, kwa hiyo mwacheni anayeweza akamue. Shangazi akabaki kushika kamba ya ng'ombe wake mwenyewe.

Alianza visa. Alinunua sabuni ya waridi kama ya Karani. Wapi. Aliazima aproni kwa kisingizio cha kuishonea mfuko. Bibie akainusa, akapiga chafya. Siku ya tano fundi baiskeli alimkuta mkewe anapaka kucha rangi nyekundu.

"Mke wangu, tumealikwa harusini?"

"Nyamaza wewe."

"Nauliza tu nioge mapema."

Sabuni ya waridi, kucha za moto, matone yalikuwa yale yale mawili. Lakini kilichommaliza kabisa si ng'ombe. Ni mwalimu wa chekechea, mteja wake wa miaka saba, aliyesimama getini na chupa yake na kuita kwa furaha: "Mama Lita, hodi! Maziwa ya Karani yapo?"

Shangazi aliiacha chupa ya mwalimu mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kwenye upenyo wa ua uliomtenga na Karani, bila kujali miiba. Karani alikuwa anaanika nguo.

"Umempa nini ng'ombe wangu?"

"Dada, taratibu..."

"Taratibu nini! Miaka tisa ninamlisha, ninamkatia majani, mvua yangu, jua langu. Wewe siku kumi na nne! Unamwambia nini pale ubavuni?"

Karani akaishika nguo mbichi kifuani. "Siku tatu za kwanza alinipiga mateke. Ya nne nililia. Nilimwegemea nikalia, nikamweleza mambo ya nyumba hii. Kwamba tangu nihamie, mtu akibisha hodi kwangu anauliza njia ya kwenda kwa mtu mwingine. Nilipokuja kuinua kichwa, ndoo ilikuwa nusu." Akaikung'uta ile nguo. "Ulipokuja kuniomba, nilisema moyoni, kumbe Mama Lita ananiamini."

Hapo shangazi akaangalia chini. "Nilikuchagua kwa sababu nilijua hutaweza," akasema. "Nilitaka nikirudi anililie."

Karani alichukua kibanio, akakibana mahali pake, akachukua kingine. "Nililijua siku zile za mateke," akajibu. "Ndiyo sababu nyingine iliyonitoa machozi."

Jioni ile shangazi hakumwita Karani. Kwa miaka tisa alikuwa akikamua na simu imebanwa begani, akigombana na wadaiwa na kuwachamba mawifi. Leo aliiacha simu ndani. Akaketi, akaegemeza paji la uso kwenye ule ubavu wa joto, kwa mara ya kwanza.

"Bibie," akanong'ona.

Bibie akaendelea kucheua.

"Bibie wangu. Mama amerudi."

Mkia ukapiga upande huu, ukapiga upande ule. Matone mawili.

Shangazi akatazama mlangoni. Akatazama dirishani. Akafumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa chungu, na kwa sauti ndogo iliyopita katikati ya meno akasema, "Mpenzi."

Masikio yakageuka. Chwaa.

"Mnafiki mkubwa wewe," akamwambia, na machozi yanamtiririka, na mikono haisimami. "Mpenzi. Malaya usiye na aibu. Mpenzi wangu."

Lita sita na nusu. Akajaza chupa moja mpaka shingoni, akaipitisha mwenyewe kwenye upenyo wa ua.

"Ametoa," akatangaza, kidevu juu. "Nimemwita Bibie, akaitika."

Kutoka kamba ya nguo za Karani hadi ukuta wa banda ni hatua tatu. Karani akaipokea chupa kwa mikono miwili.

"Hongera, dada," akasema. "Nilisikia."